Jiko Ndogo Ndani ya Figo ya Baluku

Jumatatu, 2 Machi 2015

Asubuhi kikombe mbili ya mukojo. Jana ilikuwa tatu. Rangi kama chai imelala. Nafula ameandika ile kwa mbele ya kitabu, kwa mistari ya munganga: maji imeingia, maji imetoka. Huku nyuma ni kwangu. Munganga asifike huku. Kurasa iko mingi, mukojo haiwezi kujaza yote.

Mimi sijui kusoma. Baba yangu alisema masomo ni ya batoto banaume, mimi nikabeba maji. Sasa mudomo ni yangu, mukono ni ya Nafula. Nafula ni muke ya Baluku, mutoto yangu ya kwanza. Ni binti ya batu ya Kenya, balikuja Hima kwa kazi ya simenti, bakabaki. Lukonzo, lugha ya hapa, anajua "wabukire" tu, salamu ya asubuhi, na anaitoa hata jioni. Kwa hiyo ndani ya nyumba hii ni Kiswahili. Ya kwake ya Kenya, ya kwangu ya Kongo. Inagombana kama sisi. Anacheka. Andika na ile unacheka.

Baluku miguu imevimba. Nimebonyeza na kidole, shimo ikabaki kama kwa bukari, ugali ya muhogo. Mutu ya kubeba gunia mbili mara moja pale mupakani! Maroli ya Bwera yote inamujua. Leo ameshika ukuta kwenda choo.

Chakula bila chumvi. Kijiko tatu, akasukuma sahani.

Jumatano, 4 Machi

Tumetoka kwa munganga hapa Bwera. Ni musichana, anavaa viatu ya kukimbia. Nilimudharau kwanza. Nimeacha.

Baluku aliuliza ugonjwa ilitoka wapi. Yeye akachora kwa karatasi. Akasema figo inaosha damu usiku na mchana, haipumziki. Kazi ile inataka moto. Basi ndani ya figo iko jiko ndogo ndogo, mingi sana, jicho haioni. Inachoma chakula, inatoa nguvu. Nikamwambia, jiko ninaelewa, endelea.

Akamuuliza Baluku dawa gani anameza. Hapo mimi najua kujibu kumupita yeye. Ile dawa ya mugongo. Kila asubuhi mbele ya kupakia maroli, vidonge mbili. Mugongo ikikaza, ine. Miaka mingi. Benzake bote banafanya vile, banaita chai ya kazi. Na presha iko juu, hakupima hata siku moja. Munganga akasema ile dawa na ile presha ndiyo imeharibu jiko. Moto inapungua, moshi inazidi.

Halafu ikaja maneno ya kushangaza. Jiko ikipasuka, vipande inamwagika. Mwili iko na askari yake. Askari banaona vipande, banafikiri adui ameingia, banapiga. Banapiga, banapiga, figo inavimba ndani kwa ndani kama jeraha. Pale bamepiga, kovu inabaki. Kovu haioshi damu.

Nikauliza: hao askari ni vipofu? Jiko si ya nyumba?

Akasema, mama, zamani sana, mbele ya batu kuwa batu, hizi jiko zilikuwa bageni. Ziliingia kutoka inje zikakaa. Sura yake bado ni ya kule. Zikiwa nzima ndani ya nyumba, hakuna shida. Zikivunjika, askari banaona sura ya mugeni.

Zimekaa tangu wakati ule na bado ni bageni? Munganga akacheka, akasema ndiyo.

Mimi sikucheka. Nilivuka mupaka kutoka Kongo niko na miaka kumi na sita, kuolewa Mahango kule mulimani. Nimezaa saba kule, nimezika mbili, nimezika na bwana. Na siku shemeji yangu alitaka shamba, aliniita nini? Ule ya Kongo. Kwa hiyo ninaelewa jiko.

Amekataza: dawa ya maumivu yote. Chumvi. Samaki ya chumvi. Vidonge ya muchuzi. Nyama kidogo sana. Baluku akauliza, "Sasa nitakula nini, dokta, upepo?"

Dokta akasema upepo pia kidogo.

Alhamisi, 5 Machi

Nafula amefungia chumvi ndani ya sanduku yake ya nguo. Ufunguo kwa shingo. Chumvi ya nyumba yangu!

Maharagi bila chumvi ni udongo. Baluku ameonja, ametema. Amesema afadhali afe akiwa ameshiba. Nafula amemwambia ataenda kufa kwa nyumba gani, hapa hapana. Mimi nikamwambia Nafula asiongee na mutoto yangu vile. Akasema, mutoto yako ni bwana yangu. Nikasema alikuwa mutoto yangu mbele ya kuwa bwana yako.

Mukamwana yangu anaandika hii na mudomo imekaza. Andika tu.

Nililia nyuma ya choo. Mutu asione.

Mukojo: kikombe mbili na nusu.

Ijumaa, 6 Machi

Leo siku ya soko, nimekwenda kununua ndimu, nimepata wazo njiani. Sikununua ndimu.

Kule Mahango nilipoolewa, chumvi ya ziwa ya Katwe ilikuwa inapanda mulima kwa mugongo ya batu. Mvua ikinyesha wiki mbili, haifiki. Mama mukwe alikuwa anafanya hivi. Maganda ya ndizi, na ya maharagi, unakausha. Unachoma mpaka majivu nyeupe. Unaweka majivu ndani ya chungu ya kutoboka chini, unamwaga maji juu. Inadondoka polepole, tone, tone, rangi ya chai. Ile maji unapikia mboga. Sombe, majani ya muhogo, inalainika kama siagi. Ulimi inafurahi. Mama mukwe alikuwa mukali. Mara moja nilichoma maganda mbichi, moshi ikajaza nyumba, akanifukuza na mwiko mpaka kwa miti ya kahawa ya jirani. Nilikuwa na mimba ya huyu huyu Baluku. Nimetoka kwa njia, nirudi.

Nikamweleza Nafula. Nilifikiri atakataa, yeye anakataa kila kitu. Akaruka! Akasema bibi yake kule kwao Kenya alikuwa anafanya vile vile, banaita munyu, na mboga bila munyu kwao si mboga. Akakumbuka mpaka harufu. Akasema, "Mama, kwa nini hukusema tangu zamani?" Nikasema, "Wewe uliniuliza?"

Tukaangaliana. Dokta alikataza chumvi. Majivu si chumvi ya duka. Majivu ni majivu, ni ganda ya ndizi. Haikutoka kwa ziwa, haikutoka kwa pakiti. Tumekubaliana. Miaka kumi na moja ndani ya nyumba moja, hii ni mara ya kwanza.

Tumechoma mchana yote. Jirani amekohoa kwa makusudi. Tumetoboa jerikani ya zamani, tumeweka majani chini, tumeweka majivu. Yeye anamwaga, mimi nachunga. Tumecheka mambo ya bazungu ya kiwanda ya Hima wakati alikuwa mutoto. Sijui lini nilicheka vile.

Jumapili, 8 Machi

Amekula! Sahani mbili ya sombe. Akalamba kijiko. Jana pia alikula.

Kanisani nimetoa shukrani. Pasta aliuliza nashukuru nini, nikasema mutoto yangu amekula mboga. Batu balifikiri ni mutoto mudogo.

Nafula ananiita mama sasa bila kuvuta. Mbele ilikuwa maaama, kama mutu anavuta mbuzi haitaki.

Kikombe mbili tu. Lakini amekula.

Jumatatu, 9 Machi

Maharagi na maji ya majivu. Ndizi ya kuchemsha. Amemaliza. Amesema mudomo inamuwasha kidogo, kama sisimizi inatembea juu. Nikasema ni damu inarudi.

Nilisema vile. Iandike hivyo.

Jumanne, 10 Machi

Hakuamka vizuri. Anasema miguu si yake. Anaiita, haiji. Nimeweka mukono kwa kifua. Moyo inaruka, inasimama, inaruka mbili, inasimama. Kama kuku ndani ya kikapu.

Boda bawili. Moja Nafula amemushika kwa nyuma, moja mimi. Munganga ya viatu ameshika mukono yake kidogo tu, akapiga simu. Gari ya hospitali. Kasese.

Ninaogopa. Hakuna ingine ya kuandika.

Jumatano, 11 Machi

Hospitali ya Kasese. Tumelala chini kwa kitenge, mimi na Nafula, miguu yangu kwa kichwa yake.

Bamemufunga waya kwa kifua. Mashine inatoa karatasi na milima. Munganga ya hapa ni muzee, murefu, anaongea kama afande. "Simama. Leta mukono. Usizungumuze." Aliangalia ile milima, akaita dada ya dawa kwa sauti. Bakamuchoma sindano ya moyo, halafu ingine ya sukari. Bakatoa damu.

Saa nne akarudi. Akasema damu ya Baluku imejaa chumvi moja. Si ile ya kupikia. Ingine. Iko ndani ya mboga, ndani ya matunda, mutu muzima anaikojoa inaisha. Figo yenye kovu haiwezi kuitoa. Inajaa, inajaa, ikifika kwa moyo, moyo inasahau kazi. Inasimama.

Akauliza: dawa ya miti? Hapana. Dawa ya mugongo? Hapana, Nafula alitupa yote ndani ya choo, niliona. Chumvi? Hapana, hata kidogo, ufunguo iko kwa shingo yake. Ndizi? Siku moja moja.

Akasema, "Ndizi moja haileti hii. Kuna kitu mnampa." Akatuangalia kama batu ya magendo pale mupakani. Akasema sindano inasaidia saa chache tu. Kama kile kitu bado iko ndani ya tumbo, itapanda tena, na yeye lazima ajue atapigana na nini. Ikipanda, atatumwa Kampala kwa mashine ya kuosha damu. Na barabara ile ni ndefu kwa moyo ile.

Akaenda kwa kitanda ingine.

Mimi nilijua. Pale pale. Alivyosema iko ndani ya mboga, nikaona jerikani. Tone, tone.

Sikusema. Andika: nilinyamaza. Mudomo hii inaongea siku nzima, na batu na mbuzi na mawe, ikanyamaza. Niliogopa. Niliogopa banasema mama amemulisha mutoto yake sumu. Wa Kongo, bataongeza. Wa Kongo na majivu yake.

Nafula ameacha kuandika. Analia. Anasema na yeye alijua pale pale. Anasema ndugu ya Baluku batasema mwanamke ya Kenya ameua bwana yake, batamufukuza na batoto. Ndiyo maana alinyamaza. Amekaa hapa anaandika maneno yangu na anajua, na mimi ninasema maneno na ninajua.

Jua iko wapi? Saa sita. Munganga alikuja saa nne. Saa mbili nzima mutoto yangu amelala na ile kitu ndani ya tumbo na sisi banawake bawili tunaandika kitabu.

Wacha kalamu. Simama. Twende.

Alhamisi, 12 Machi

Tulimukuta kwa kitanda ya katikati, anasikiliza mapafu ya muzee mumoja. Batu beko tele, bagonjwa na benye kuchunga bagonjwa. Nikasema, "Munganga, ni mimi." Akasema, "Wewe nini?" Nikasema, "Ni mimi nilimupa. Maji ya majivu."

Nafula nyuma yangu: "Si yeye, daktari. Mimi ndiye mpishi."

Nikasema anadanganya, wazo ilikuwa yangu, mama mukwe yangu alinifundisha. Yeye akasema jerikani ni yake na sufuria ni yake. Nikasema sufuria nilinunua mimi! Akasema ilinunuliwa na pesa ya nani?

Munganga akatoa ile kitu ya masikio. "Mama, mnagombania hata hii?"

Chumba yote ikacheka. Ule muzee ya mapafu alicheka akakohoa, bakamupa maji. Mimi nilitaka kuingia chini ya kitanda.

Hakutukana. Nilingoja matusi, haikuja. Alitutoa inje kwa baraza, akakaa kwa benchi na sisi, yeye mutu murefu vile. Akauliza majivu ya nini. Maganda ya ndizi. Siku ngapi. Tangu Jumamosi. Akafunga macho. Akasema majivu ya ganda ya ndizi ndiyo ile chumvi yenyewe, ile ya kusimamisha moyo, imekusanywa pamoja na kutolewa maji. Afadhali ningemupa kijiko ya chumvi ya Katwe.

Kisha akasema mama yake na yeye alipikia majivu. Akasema alikula mpaka anaenda shule ya daktari. "Mutu ya figo nzima hana shida. Nyinyi hamkujua. Sasa mumejua, na sasa mimi najua." Akaamka kama afande tena, akaenda haraka. Bamemupa Baluku dawa ya kunywa, unga ndani ya maji, ya kuvuta ile chumvi ndani ya tumbo itoke kwa choo.

Hamukujua. Ndiyo. Jumamosi mpaka Jumatatu sikujua. Lakini zile saa mbili nilijua. Hakuuliza ile. Mimi ninajiuliza.

Jumamosi, 14 Machi

Milima kwa karatasi imekuwa sawa sawa, imepangwa kama matuta ya viazi. Damu imeshuka. Hatuendi Kampala. Mungu asante. Ule unga imemuendesha mpaka analaani.

Tumemwambia Baluku yote. Nafula aliongea, mimi niliangalia chini. Aligeuka kwa ukuta. Niliona mugongo yake tu, ile mugongo ya gunia, imekonda. Nikafikiri basi, ananichukia.

Akasema kwa ukuta: "Miaka kumi na moja naombea hao bawili bapatane."

Halafu: "Siku mutapatana tena, muniambie asubuhi, nikimbie."

Nafula alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nililia, lakini ya kucheka. Dada ya dawa alisema tutoke.

Munganga alikuja mchana. Nilimuuliza wazi, mimi sipendi kuzungushwa: figo itapona? Akasema pale pana kovu, hapaponi. Lakini si jiko zote zimekufa. Zile zimebaki zinaweza kuishi miaka kama hatuziongezei mateso. Presha ishuke, dawa kila siku. Dawa ya mugongo asiiguse tena, hata moja, hata akilia. Mboga kidogo, ichemshwe, maji yake imwagwe, ichemshwe tena. Askari ya mwili bakikosa vipande ya kupiga, banatulia.

Na basipotulia? Mashine, siku moja. Akasema sijui lini. Nilipenda alisema sijui.

Gunia asibebe tena. Baluku alisikia hiyo akauma mudomo. Ile ndiyo ilimuumiza kuliko sindano.

Jumatatu, 23 Machi

Tuko nyumbani. Mvua jana, leo jua. Kikombe ine. Miguu imeshuka, nimeona mufupa ya kifundo, sikuiona tangu Krismasi.

Jerikani nilivunja na panga. Nafula alisema ingetosha kuitupa. Nikasema hapana, ilitaka panga.

Nimekwenda kwa benzake ya kupakia, pale maroli inasimama. Balikuwa banameza ile chai yao. Niliongea. Jiko, moshi, askari, kovu, yote. Balisema, "Kaka Baluku anaendelea, mama?" na bakameza. Mumoja tu alirudisha vidonge kwa mufuko. Labda atameza baadaye. Nitarudi kesho. Mimi niko na mudomo, kazi yake ni nini?

Nafula anapika na ndimu na kitunguu. Si tamu sana. Nimesema ni tamu. Yeye anajua ninadanganya, amenipa sahani ya pili kunikomesha.

Shemeji yangu ya shamba alikuja kuona mugonjwa. Aliuliza, nasikia mulimulisha majivu? Nafula akajibu mbele yangu, akasema tulimulisha, na tulisema, na yuko hai, karibu chai. Alikunywa chai haraka. Nikamuangalia mukamwana yangu. Nikafikiri huyu ningemuzaa mwenyewe. Usipunguze ile, andika. Ameandika, ameinamisha uso kwa kitabu.

Sasa ya kweli. Baluku ataishi miaka ngapi, sijui. Munganga hajui. Nataka nitangulie mimi. Mama azike mutoto mara ya tatu, hapana. Nimemwambia Mungu wazi. Lakini pia sitaki kwenda sasa sasa, maana nani atamuangalia. Kwa hiyo Mungu apange, mimi nimechanganyikiwa.

Nalala vizuri siku hizi. Zile saa mbili zinanirudia mchana, si usiku, nikiwa nachambua maharagi. Mukono inasimama. Halafu inaendelea. Nilimuuliza Nafula kama na yeye. Akasema kila siku. Tulichambua maharagi, yeye anatoa mawe, mimi natoa yenye kuoza, na

Ngoja. Baluku ananiita pale inje. Sauti ya mutu njaa imemushika. Anauliza hiki chakula inapikwa ama inaandikwa.

Naja, baba, naja.